Maswali na Majibu: Jeni za kimelea wa ndigana kali na safari ya chanjo mpya

Barua nyingi safari hii zinahusu ndigana kali, ile ambayo Wamaasai huiita oltikana na vitabu huiita homa ya Pwani ya Mashariki. Wafugaji wanauliza chanjo mpya iko wapi, na walioko maabara wanauliza namna ya kuitafuta. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwingine.

Shikamoo daktari. Mwanangu aliyeko chuoni ameniambia jeni zote za mdudu wa ndigana zilishasomwa. Kama mdudu amejulikana hadi ndani, mbona chanjo bado ni ileile ya kubebwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na ndama anachomwa sindano mbili?
*Mfugaji, Simanjiro*

Marahaba, mzee wetu. Mwanao amesema kweli. Jenomu, yaani orodha ya jeni zote, ya Theileria parva, mdudu wa ndigana, ilichapishwa mwaka 2005, kazi iliyowaunganisha watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, na wenzao wa TIGR, taasisi ya utafiti wa jenomu ya Marekani. Mdudu huyu ana kromosomu 4, herufi za DNA zipatazo milioni 8.3, na jeni kama 4,000 za kutengenezea protini. Lakini orodha hiyo ni sawa na daftari la majina ya watu wote wa wilaya. Ukiibiwa ng'ombe, daftari halikuambii mwizi ni nani, unahitaji shahidi. Katika ugonjwa huu shahidi ni ng'ombe aliyeugua akapona. Mwili wake unajua ni vipande vipi vya kimelea alivyovitambua akavishambulia. Kazi yote ya kutafuta jeni za chanjo ni kumhoji ng'ombe huyo kwa subira.

Sindano mbili zina sababu yake. Ya kwanza ina vimelea hai waliotolewa kwenye kupe. Ya pili ni oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki ya kukaa mwilini muda mrefu, inayowazuia vimelea wasimzidi ndama wakati kinga inajijenga. Njia hii ilikamilishwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na mchanganyiko wake bado unaitwa kwa jina la mahali hapo. Inafanya kazi vizuri, na kinga yake hudumu miaka mingi. Ila vimelea lazima wawe hai, ndiyo maana unauona ule mtungi, na kutengeneza fungu moja la chanjo kunahitaji ng'ombe, sungura na kupe kwa maelfu. Chanjo inayotafutwa ingetumia vipande vichache tu vya mdudu, bila mdudu mwenyewe.

Nimepewa mradi wa uzamili wa kutafuta jeni zinazoweza kuwa chanjo ya ndigana kali. Nimepakua jenomu na kuichuja kwa kompyuta, nimebaki na jeni 300 hivi. Niendelee vipi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Kabla ya kuendelea, rudi nyuma hatua moja ujiulize: unataka chanjo impige mdudu akiwa wapi? Kupe akimuuma ng'ombe hutoa sporozoiti, yaani kimelea katika umbo la kuambukiza, nao huingia ndani ya seli nyeupe za damu kwa dakika chache. Kwa muda huo mfupi tu ndipo kingamwili zinaweza kuwakamata. Wakishaingia, hugeuka skizonti, umbo la kukaa na kuongezeka ndani ya seli, na hapo kingamwili hazina njia ya kuwafikia. Kinachobaki ni seli T zinazoua seli iliyoambukizwa, zile zenye alama ya CD8. Kwamba ndizo zinazomlinda ng'ombe aliyepona kulionyeshwa mwaka 1994: seli hizo zilichukuliwa kwa ndama mwenye kinga zikapewa pacha wake asiye na kinga, na pacha akalindwa. Kwa hiyo jeni ya sporozoiti na jeni ya skizonti haziulizwi swali moja. Hapa tunachukulia umechagua skizonti.

Umechuja, bila shaka, kwa kutafuta protini zenye alama ya kutolewa nje. Mantiki yake ni nzuri. Skizonti anaogelea wazi ndani ya seli ya ng'ombe, bila utando wa seli kumzunguka, kwa hiyo anachokitoa kinamwagika moja kwa moja mahali ambapo seli hukatakata protini na kuzipandisha juu, zionekane na seli T. Lakini usikifanye kichujio hicho kuwa hakimu wa mwisho. Tazama antijeni, yaani protini za kimelea zinazotambuliwa na kinga, zilizogunduliwa kwa seli za ng'ombe wenye kinga na kutangazwa mwaka 2006. Tp1 na Tp2 zina alama hiyo. Tp4 ni sehemu ya protini ya kukunja protini nyingine, Tp5 ni kianzishi cha utengenezaji wa protini, Tp7 ni Hsp90, protini ya kuzisaidia nyingine zikunjike sawasawa, na Tp8 ni kimeng'enya cha kukata protini. Nyingi ya hizo ni za kazi za kila siku za seli, na mtu anayetegemea kompyuta peke yake angeziacha njiani.

Kingine cha kuangalia ni mipaka ya jeni yenyewe. Jenomu hii imebanana na jeni zake zina introni (vipande visivyotengeneza protini) fupifupi, hivyo programu hukosea mahali jeni inapoanzia. Ikikosea ekzoni (kipande kinachotengeneza protini) ya kwanza, alama ya kutolewa nje inapotea na jeni nzuri inatupwa. Linganisha kila moja ya zile 300 na data za RNA (nakala za jeni zinazotumika) za skizonti: usomaji uanze pale programu iliposema jeni inaanzia. Jeni isiyo na RNA kabisa katika hatua hiyo iondoe. Zinazofanana mno na protini za ng'ombe ziwekee alama. Hsp90 ya kimelea ina sehemu zinazokaribia sana ile ya ng'ombe, na ukitaka kuitumia lazima uchague kipande kinachotofautiana.

Baada ya hapo kompyuta imemaliza zamu yake. Sasa andaa mashahidi.

Chagua ng'ombe wanne au watano ambao aina zao za BoLA daraja la kwanza, yaani protini za ng'ombe zinazoonyesha vipande vya kimelea kwa seli T, zimepimwa na hazifanani. Ukitumia mmoja tu, utapata jeni za ng'ombe huyo, si za chanjo. Kabla hujawachanja, chukua damu, tenga limfosaiti (aina ya seli nyeupe), ziambukize kwa sporozoiti. Baada ya wiki mbili tatu utaona jambo la ajabu la ugonjwa huu: seli zilizoambukizwa zinaanza kugawanyika bila kukoma, kama saratani. Ukizipaka rangi ya Giemsa, ndani ya sehemu ya buluu ya seli utaona kikundi cha nukta za zambarau, kila nukta ni kiini cha skizonti. Seli ikigawanyika, skizonti hujishikiza kwenye nyuzi zinazovuta kromosomu na kugawanyika nayo, kila upande ukapata sehemu yake. Ndiyo maana kila seli mpya huzaliwa ikiwa imeambukizwa. Gandisha chupa nyingi za seli hizi mapema. Zikikaa miezi katika chupa hubadilika.

Kisha chanja wanyama, subiri wiki kadhaa hadi wapone kabisa, chukua damu tena. Zichochee limfosaiti kwa seli zilizoambukizwa za mnyama yuleyule, zikiwa zimepigwa mionzi zisigawanyike. Rudia kila wiki, mara tatu hivi, halafu tenga CD8. Kabla ya kuziuliza lolote, zipime: ziue seli zilizoambukizwa za mwenyewe, zisiue za ng'ombe wa BoLA tofauti, wala seli za mwenyewe zisizoambukizwa. Zikiua kila kitu, shahidi huyo ni mwongo, anza upya.

Seli za kubeba jeni zako ni mbili za kawaida: seli za ngozi zilizotolewa kwenye sikio la mnyama yuleyule, au seli za COS-7 za figo ya tumbili ambazo unaziingizia jeni ya BoLA pamoja na jeni unayoipima. Usipime jeni 300 moja moja. Chora jedwali la safu 18 kwa mistari 18, upate nafasi 324, na kila nafasi iwe jeni moja. Changanya DNA za kila mstari, kisha za kila safu. Umepata michanganyiko 36 badala ya 300, na jeni inayotafutwa iko pale mstari na safu vilivyojibu vinapokutana. Ikiwa zimejibu zaidi ya moja, kutakuwa na makutano ya uongo, hivyo kila jeni ya makutano ipime peke yake siku nyingine. Mchanganyiko ukizidi sana kila jeni inapungua na majibu yanafifia. Michanganyiko ya 50 imewahi kufanya kazi, ila 18 inakuachia nafasi ya makosa.

Makosa mawili huua miradi mingi. La kwanza ni jeni za ng'ombe kujaa kwenye maktaba yako ya cDNA (nakala za DNA zilizotengenezwa kutokana na RNA), kwa kuwa skizonti anaishi ndani ya seli ya ng'ombe na RNA nyingi unayoitoa si yake. Kama unatengeneza maktaba, toa skizonti kwanza: nokodazoli ili aachie nyuzi alizojishikiza, aerolaisini ya kutoboa utando wa seli, kisha mtenganisho wa Percoll. La pili ni kuweka jeni sahihi pamoja na BoLA isiyo yake. Hapo seli zitanyamaza kimya na utaandika kwamba jeni haifai, kumbe hukumpa shahidi mwanga wa kumwonea mtu. Kila jaribio lazima liwe na mnyama mwenye aina inayojulikana na antijeni yake inayojulikana. Ng'ombe wa BoLA aina ya A18 hujibu sana Tp1, wa A10 hujibu sana Tp2. Watumie kama kipimo.

Jeni ikithibitika, itafute sehemu yake inayotambulika kwa peptidi zinazopishana, ukimalizia na za asidi amino 8 hadi 11. Hapo ndipo unaweza kuiita jeni ya kufikiriwa kwa chanjo.

Habari za kazi. Sahani zetu za ELISpot, kipimo cha kuhesabu seli T zilizojibu, zinatoa madoa yenye mikia kama nyota, na visima vya pembeni vina madoa mengi kuliko vya katikati. Wakati mwingine hata visima visivyo na jeni vinajaa. Tunakosea wapi?
*Fundi wa maabara, Kabete*

Njema, ndugu. Doa moja katika sahani hiyo ni alama ya seli moja iliyotoa intaferoni gama, kemikali ya kinga, na limebaki pale seli ilipokaa. Mkia maana yake seli ilisogea huku ikitoa. Mtu alifungua kabati la joto, au alilifunga kwa nguvu. Weka sahani kwenye rafu ambayo hakuna atakayeigusa kwa saa 20, na bandika karatasi mlangoni.

Visima vya pembeni vinatokana na kupanga sahani moja juu ya nyingine: ukingo unapata joto kabla ya katikati na seli zinasukumwa pembeni. Ziweke bega kwa bega. Ukimimina seli, acha sahani juu ya meza dakika kumi zitulie kabla ya kuiingiza.

Visima vitupu vikijaa, kwanza fikiria CD8 zenyewe. Mkizitumia siku mbili tatu baada ya kuzichochea, bado zina hasira na hutoa intaferoni bila kuulizwa. Zipumzisheni siku 7 hadi 10, ziosheni interlukini, kichocheo cha kuzikuza, ikatoke. Pili, mashaka ya mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara: pimeni seli zote za chupa kila mwezi. Tatu, utando wa sahani. Ule wa PVDF unalowanishwa kwa mikrolita 15 za ethanoli ya asilimia 35 kwa dakika moja tu, kisha unaoshwa mara kadhaa na hauachwi ukauke hadi kazi iishe. Ncha ya pipeti ikiugusa, inaacha kovu ambalo mashine italihesabu kama doa. Na msihesabu sahani ingali mbichi. Iacheni ikauke usiku kucha gizani, madoa mafifu yataonekana.

Wekeni daima visima vya aina tatu: plasmidi tupu (kibeba jeni bila jeni), seli zilizoambukizwa za mnyama mwenyewe, na CD8 peke yake. Bila hivyo namba yoyote haina maana.

Nimesoma kuhusu p67 kwamba ilikuwa tumaini kubwa. Iliishia wapi?
*Msomaji, Eldoret*

Haijaishia. p67 ni protini iliyo juu ya sporozoiti, na jeni yake ilijulikana mapema, mwaka 1992, kabla ya jenomu nzima kusomwa. Ilipatikana kwa njia tofauti na ile ya Tp1: watafiti walikuwa na kingamwili zilizoweza kumzuia sporozoiti asiingie kwenye seli, wakatafuta zinashika nini. Katika majaribio ya shambani Kenya, Pwani na Bonde la Ufa, kipande cha mwisho cha protini hiyo, p67C chenye asidi amino 80, kilipunguza ugonjwa mkali kwa kiasi cha nusu. Nusu ni hatua kubwa kwa mtafiti. Kwa mfugaji mwenye mitamba minne, wawili kufa si chanjo.

Tatizo ni lile la dakika chache. Kingamwili lazima ziwe nyingi sana damuni siku ile kupe anauma, na baada ya miezi hupungua. Tena sporozoiti wachache tu wakipenya, kila mmoja anazaa kundi. Ndiyo maana sasa p67C inabandikwa kwenye chembe ndogo mno zinazoamsha kinga vizuri zaidi, na wazo linalotuvutia sisi ni kuiunganisha na antijeni za skizonti: moja ipunguze wanaoingia, nyingine iwaue waliopenya.

Wilayani kwangu tumechanja kwa mchanganyiko wa Muguga. Ng'ombe wa vijijini wako salama, lakini wanaolisha mpakani mwa hifadhi wameendelea kufa. Chanjo imeharibika?
*Afisa mifugo, kando ya hifadhi*

Angalia kwanza kumbukumbu za mtungi, maana naitrojeni ikishuka vimelea wanakufa na huoni tofauti kwa macho. Lakini kama fungu lilelile limewalinda wa vijijini, kisa chako ni nyati.

Nyati ndiye mwenyeji wa asili wa kimelea huyu, na yeye haugui. Ndani yake vimelea ni wa aina nyingi mno, wakati mchanganyiko wa Muguga una aina tatu: Muguga, Serengeti na Kiambu 5. Jenomu zao ziliposomwa, Muguga na Serengeti zilionekana karibu ni kitu kimoja, kwa hiyo utofauti halisi unaletwa zaidi na Kiambu 5. Seli T za ng'ombe aliyechanjwa hulenga vipande vichache vya Tp1 au Tp2, na vipande hivyohivyo ndivyo vinavyobadilika sana kwa vimelea wa nyati. Asidi amino moja ikibadilika mahali pabaya, seli T inampita adui bila kumtambua. Hata p67 ya nyati mara nyingi ina kipande cha ziada cha asidi amino 43.

Hili ndilo linalotufanya tusisitize kwamba jeni ya chanjo isipimwe kwa nguvu ya majibu peke yake. Isomwe pia kwa vimelea wa nyati kutoka sehemu mbalimbali, na inayobaki bila kubadilika ipewe nafasi hata kama majibu yake ni madogo. Kwa sasa, huko mpakani, ng'ombe wako wanahitaji kuogeshwa kwa ratiba kali na kulishwa mbali na njia za nyati. Chukua damu ya kila anayekufa, pamoja na majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio, ipelekwe maabara kabla ya mzoga kuoza.

Nina ndama 12 wa maziwa. Nisubiri chanjo mpya au nichanje sasa?
*Mama mfugaji, Njombe*

Mama, chanja sasa. Chanjo ya jeni haijafika sokoni, na ndigana haisubiri.

Mwite mtaalamu aliyefunzwa, na mkubaliane haya. Ndama wawe na afya, bila homa wala kuhara. Kila mmoja apimwe kwa mzani au utepe wa kifua, asikadiriwe kwa macho, maana dawa ya pili hutolewa kwa uzito. Oksitetrasaiklini ya asilimia 30 ni mililita 1 kwa kilo 10. Ndama wa kilo 80 anapata mililita 8. Ukimdhania kilo 60 ukampa 6, umempa ugonjwa kamili na robo tatu tu ya dawa yake. Vimelea mililita 1 huchomwa chini ya ngozi karibu na tezi ya chini ya sikio. Sindano zote mbili siku ileile, bila kuahirisha moja hadi kesho. Chanjo ikishayeyushwa inakaa kwenye barafu na inatumika ndani ya saa chache; kwa kuwa mrija mmoja unatosha ng'ombe wapatao 40, ungana na majirani ili isimwagwe.

Baada ya hapo pima joto la ndama asubuhi, hasa kuanzia siku ya 10 hadi ya 25. Anayezidi nyuzi 39.5 siku mbili mfululizo, tezi zimevimba na anahema haraka, apate buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana, mara moja: ile ya asilimia 5, mililita 1 kwa kilo 20, kwenye msuli wa shingo. Usingoje povu litoke puani. Na josho usiliache, kwa sababu chanjo hii haizuii ndigana baridi, mkojo mwekundu wala maji moyo. Kupe wa masikio huhitaji kung'ata siku tatu nne kabla sporozoiti hawajakomaa mateni mwake, kwa hiyo kila unapomtoa kabla ya hapo, ukipekua ndani ya sikio kwa vidole, umemwahi.